Bi Mdogo Aliyekuja kwa Ndege

Wacha niseme mapema, maana sipendi hadithi za kumzungusha mtu mpaka akashikwa na kizunguzungu. Bi Mdogo hakuwa mwanamke. Alikuwa seva: kasha jeusi la chuma, lina vitaa vya kijani mbele, kazi yake kupokea barua pepe na kuzitunza. Mimi najua, wewe sasa unajua, na hoteli nzima ya wapiga mbizi kule Utende, kisiwani kwetu, kwenye Ghuba ya Chole, walikuwa wanajua. Asiyejua alikuwa Mashavu peke yake, na yeye ndiye aliyekuwa na haja ya kujua kutuzidi sote.

Mashavu ni fundi cherehani, anakaa Ndagoni. Mume wake, Taufiki, ndiye fundi wa kompyuta wa hoteli hiyo. Wana mtoto mmoja, Amina, yuko darasa la pili, na baada ya Amina hakuja mwingine. Wenyewe walishalizoea hilo. Walikwenda hospitali, wakaambiwa hakuna kasoro, wakamwachia Mungu. Asiyelizoea alikuwa mama yake Taufiki, Bi Mize, anayekaa Kilindoni karibu na soko. Ni mama wa maneno machache, lakini akisema amesema.

Bi Mize hakwenda kwa kificho, hilo tumpe haki yake. Siku ya Maulidi alimwita Mashavu jikoni, akamshika mkono, akamwambia, "Mwanangu, mimi sina ugomvi na wewe. Wewe ni mke mwema. Lakini Taufiki ndiye mwanamume pekee niliyemzaa, na nyumba yake ina mtoto mmoja. Nimemwonea binti wa watu hapa hapa Kilindoni. Nimeshamwambia mumeo."

"Amesemaje?" Mashavu akauliza.

"Hajakataa."

Hajakataa! Neno moja tu, lakini Mashavu alirudi nalo Ndagoni, akalala nalo, akaamka nalo. Alipomuuliza mumewe, Taufiki alijikuna kichwa, akasema, "Aa, si unamjua mama," kisha akageukia ukutani akalala. Huyo ndiye Taufiki. Mtu mpole, hagombani na mtu, lakini ukimuuliza jambo zito anakuwa gogo. Wanawake walioolewa na wapole wananielewa ninachosema.

Sasa basi. Kwao Ndagoni mtandao wa simu haushiki ndani ya nyumba; lazima utoke uani ukasimame karibu na mpapai. Asubuhi moja Mashavu alikuwa jikoni anachuja tui, na Taufiki yuko kwenye mpapai na simu sikioni, na kati yao pana ukuta wa makuti. Mashavu hakuwa anasikiliza. Masikio hayana vifuniko, ndiyo kosa lake.

"Ndiyo, Bi Mdogo ameshafika salama," Taufiki alikuwa anasema. "Kwa ndege, bwana. Boti hapana, angepigwa na maji ya chumvi... Sasa sikiliza. Kila kinachoingia kwa Bi Mkubwa, na Bi Mdogo apelekewe hicho hicho, saa hiyo hiyo, kisipungue hata kidogo... Aa, Bi Mkubwa hajui lolote. Kwake mambo yanakwenda kama kawaida... Ila Bi Mdogo nimemziba mdomo. Juzi kawajibu watu, ikawa aibu tupu. Apokee tu, asijibu."

Kung'uto likamtoka Mashavu mkononi na tui likamwagika.

Alichokuwa anazungumza Taufiki ni kazi. Upande wa pili wa simu alikuwa fundi mwenzake wa Dar es Salaam. Seva ya zamani ya hoteli ilikuwa imechoka, inashikwa na kigugumizi kila umeme ukicheza, na hoteli ile wageni wake wote huja kwa barua pepe: mtu anaandika kwao huko anataka kuja kumwona papa potwe, yule samaki mkubwa kuliko wote, asipojibiwa anakwenda kwingine. Barua ikipotea, mgeni amepotea. Ndiyo maana Taufiki hakutaka kuing'oa seva ya zamani na kuweka mpya kwa pupa. Aliweka amri pale mlangoni mwa mtandao, kwamba kila barua inayoingia itolewe nakala: moja iende kwenye seva ya zamani, inayofanya kazi, na nyingine iende kwenye mpya, inayojaribiwa. Mpya ipokee kila kitu, lakini isimjibu mtu. Siku ya kwanza alisahau kuiziba. Mgeni mmoja akauliza chumba, akapata majibu mawili ya kumkaribisha, kila moja na namba yake ya chumba. Akaandika tena kuuliza kama analipishwa vyumba viwili. Hiyo ndiyo aibu iliyotajwa kwenye simu.

Lakini Mashavu angeyajuaje hayo? Alichosikia ni Bi Mkubwa na Bi Mdogo, na mwanamke yeyote wa pwani anajua maneno hayo yana maana gani. Bi Mkubwa ni mke wa kwanza. Bi Mdogo ni wa pili. Na huyo wa pili ameshafika, tena kwa ndege. Mashavu umri wote huu anaziona ndege za Kilindoni akiwa chini tu.

Alimwandalia mumewe chai na mihogo ya nazi, tui pungufu. Taufiki akala, akashukuru, akauliza, "Mbona kimya leo, mama Amina?"

"Chai imeniunguza ulimi," Mashavu akasema.

Taufiki akawasha pikipiki yake akaenda zake Utende, na Mashavu akakaa kwenye cherehani. Sindano ikakatika. Akaweka nyingine, nayo ikakatika. Hapo akaingia jirani yake Chiku, amefuata sare ya mwanawe, akamkuta fundi anatazama sindano na machozi yanamtoka. Chiku ni shoga yake wa tangu madrasa. Kumficha jambo Chiku ni kazi bure, kwa hiyo Mashavu akamweleza yote.

"Ala!" Chiku akashika kiuno. "Ameshamwoa? Kimyakimya? Na kamweka Utende? Twende. Twende saa hii hii tukamchane."

"Tumchane kwa lipi? Yeye kaitwa, kaja. Kosa lake nini?"

"Basi tukamchane Taufiki."

Mashavu akacheka kidogo, maana Chiku hajawahi kumchana hata kuku. Kicheko kilipokatika ndipo alipojua kinachomuuma hasa. Kuoa mke wa pili sheria inaruhusu. Mama yake mwenyewe aliishi kwenye ukewenza na hakufa. Kinachomuuma ni kufichwa. "Angeniambia," akamwambia Chiku, "ningelia. Ningekasirika, ningekwenda kwetu siku mbili tatu, ningerudi au nisirudi, mimi mwenyewe ningeamua. Lakini anasema kwa kinywa chake, Bi Mkubwa hajui lolote. Kanifanya mjinga ndani ya nyumba yangu, Chiku. Ninamfulia nguo aende nazo kwa mwenzangu!"

"Sasa utafanyaje?"

"Nitakwenda kumwona. Nataka nimwone kwa macho yangu, na yeye anione."

Katika sanduku lake Mashavu alikuwa na doti moja mpya ya kanga, nyekundu na nyeusi, aliyojiwekea kwa ajili ya Idi. Jina lake limeandikwa KIMYA NACHO NI JIBU. Doti ni kanga mbili, ukinunua zinakuwa zimeshikana. Akaikata katikati, akazipinda zote mbili kwa mkono, moja akajitanda na moja akaikunja vizuri akaitia kwenye mfuko. Kwetu wanawake wawili wakigawana doti moja, hilo ni neno tosha. Watakuwa ndugu, au mashoga, au wake wenza walioamua kwamba hawatagombana. Mashavu hakuwa na hakika kwamba ameamua. Lakini alitaka Bi Mdogo apate picha kwamba anayemjia ni mtu mzima, mwenye heshima zake, na anayejua kila kitu.

Chiku akakubali kubaki amsubiri Amina akitoka shule. Mashavu akachukua bodaboda, wakapita Kilindoni, wakapita karibu kabisa na nyumba ya Bi Mize, na Mashavu akatazama upande wa pili. Kutoka hapo njia ni lami mpaka Utende. Dereva alijaribu kumzungumzisha habari za mvua, akaona hajibiwi, akaacha.

Langoni pa hoteli alikuwapo Shaabani, mlinzi, mtu wa maneno na kicheko, ambaye amekula pilau nyumbani kwa Mashavu zaidi ya Idi moja.

"Lo, shemeji! Leo umetukumbuka. Karibu, karibu. Mumeo yuko ndani."

"Sikumfuata yeye," Mashavu akasema. "Nimekuja kumwona Bi Mdogo."

Ungemtazama Shaabani wakati ule ungesema dunia imekwisha haya. Hakushtuka. Hakutazama chini. Alitabasamu meno yote. "Kumbe sifa zake zimeshafika Ndagoni! Yupo, shemeji, yupo. Mzuri kweli. Mimi na Taufiki ndio tuliokwenda kumpokea uwanja wa ndege. Lakini mzito, wewe! Ni mzito yule, tulimbeba watu wawili mpaka kwenye gari."

Mashavu akashika nguzo ya lango. Mzito. Miaka yote hii yeye anamwomba Mungu mimba ya pili, na mwenzake ameshuka kwenye ndege mzito, hata kutembea hawezi, anabebwa. Pale pale alitamani kurudi.

"Anakaa wapi?" akauliza.

"Chumba cha nyuma ya ofisi. Kile cha kiyoyozi. Mumeo hataki apate joto hata kidogo, kiyoyozi kinawaka usiku na mchana. Tena usimguse, shemeji, maana sisi wote tumekatazwa kumgusa."

Feni ya nyumbani kwa Mashavu iliharibika tangu kaskazi, na Taufiki anasema atairekebisha inshallah. Mashavu aliikumbuka ile feni, na hasira ikamrudishia nguvu.

"Na hili jina la Bi Mdogo," akasema, "nani kampa?"

"Nani tena? Si mumeo. Alitukusanya wote, akatuambia, huyu ni Bi Mkubwa, huyu ni Bi Mdogo, msiwachanganye. Tukacheka mpaka basi."

Walicheka. Mashavu akapita bila kuaga, akafuata upenu wa ofisi mpaka kwenye mlango wa nyuma, akavua ndala, akabisha hodi. Akasikia sauti ya mumewe ikisema karibu, akasukuma mlango, na baridi ikamfika usoni.

Taufiki alikuwa amekaa sakafuni katikati ya nyaya. Pembeni pana meza, kiti kimoja na kabati ya chuma isiyo na milango. Hapakuwa na kitanda. Hapakuwa na mtu mwingine.

"Mama Amina!" Taufiki akaruka akasimama. "Kuna nini? Amina mzima?"

"Amina mzima. Yuko wapi Bi Mdogo?"

"Bi Mdogo?"

"Taufiki, usinichezee. Nimetoka Ndagoni na jua lote hili. Yuko wapi?"

Taufiki akanyoosha kidole kwenye kabati. Kwenye rafu ya juu palikuwa na kasha jeupe limegeuka manjano kwa uzee, linaunguruma, limebandikwa karatasi: BI MKUBWA. Chini yake kasha jeusi linang'aa, kimya, vitaa vya kijani vinapepesa. BI MDOGO. Mashavu akasoma la juu, akasoma la chini, akarudia la juu.

"Huyu ndiye aliyekuja kwa ndege?"

"Ndiye."

"Ndiye mzito?"

"Kilo zaidi ya thelathini," Taufiki akasema, halafu akaanza kuelewa. Akamtazama mkewe, akatazama kanga, akatazama mfuko. "Mashavu... ulidhani...?" Na kicheko kikampasuka. Shaabani, ambaye alikuwa amemfuata Mashavu nyuma kwa udaku wake, naye akaelewa pale mlangoni, akajipiga paja akacheka mpaka akakaa chini. Mashavu akavamiwa na aibu na nafuu kwa pamoja, hajui aanze na ipi. Akacheka na yeye. Alicheka machozi yanamtoka, akakaa kwenye kile kiti kimoja, na Shaabani akafukuzwa arudi langoni kwake kabla hajaitangaza habari kwa wapishi. Alikwenda kuitangaza.

Hapo ingetosha. Wengi wangemalizia hapo: watu wakacheka, wakanywa soda, mke akapanda pikipiki ya mumewe wakarudi nyumbani. Na Taufiki kweli alileta soda. Lakini Mashavu ni fundi, na fundi akiona kitu kinafanya kazi lazima aulize kinavyofanya.

"Hebu nieleze," akasema. "Barua ikija inafika kwa wote wawili?"

"Kwa wote. Nakala moja huku, nakala moja huku." Taufiki akachangamka, ni nadra kuulizwa kazi yake. "Mtu anayeandika hajui kwamba ziko mbili. Yeye ameandika mara moja tu."

"Na huyu mpya anajibu?"

"Hajibu. Anapokea, anatunza, basi. Mimi kila jioni ninalinganisha, ninaona kama kapata yote aliyopata mwenzake."

"Na huyu mkubwa anajua kama kuna mwenzake?"

"Hajui. Kwake yeye hakuna kilichobadilika."

"Mpaka lini?"

"Mpaka nihakikishe mpya hapotezi kitu. Nikisharidhika, ninamzibua mdomo, anaanza kujibu yeye."

"Halafu huyu mkubwa?"

"Halafu Bi Mkubwa tunamzima," Taufiki akasema.

Alisema kikazi, kama mtu anayesema tutafunga dirisha. Mashavu akaweka chupa ya soda chini.

"Jina hili ulilitoa wapi, baba Amina?"

"Lilinijia tu. Utani wa kazini."

"Halikukujia tu. Ungeweza kuwaita Kuku na Bata. Lisemwalo lipo, kama halipo laja." Hakupandisha sauti. "Nikuulize kingine. Barua msiyoitaka, ya matapeli na wapuuzi, mnaifanyaje?"

Taufiki alikuwa ameanza kuwa mwangalifu, lakini swali lilikuwa la kazi, na kazi anaipenda. "Seva inaikataa pale pale mlangoni. Inairudisha kwa aliyeituma na maneno haya: haipokelewi. Ili mwenyewe ajue, asikae anasubiri."

"Na isipoikataa? Ikiichukua tu ikanyamaza?"

"Basi aliyetuma atajua imepokelewa."

Alipomaliza kusema ndipo alipojisikia. Mashavu alimwona anajisikia, uso ulimshuka.

"Mama yako ametuma," Mashavu akasema. "Tangu Maulidi. Wewe umelichukua neno lake ukanyamaza nalo. Aliniambia mwenyewe, hajakataa. Sasa yeye anajua nini huko aliko? Anajua limepokelewa. Pengine ameshakwenda kwa wazazi wa yule binti kuwaambia. Na mimi nyumbani ninapika, ninashona, kwangu mambo yanakwenda kama kawaida. Eti?"

"Mama Amina, mimi sijawahi kusema ninataka mke wa pili."

"Hujawahi kusema hutaki."

"Ni mama yangu. Nikimwambia hapana atalia."

"Kwa hiyo ni afadhali nilie mimi."

Taufiki akakaa tena sakafuni, akaanza kukunja waya. Gogo. Mashavu alimpenda mtu huyu, tena sana, na wakati ule alitamani kumpiga kwa chupa ya soda. Hakumpiga. Alitoa kanga kwenye mfuko, akaikunjua mara moja ili jina lisomeke, akaikunja tena, akamwekea mapajani.

"Hii nilikuja nayo nimpe Bi Mdogo. Nimeipinda kwa mkono wangu. Mwenzake ni hii niliyojitanda. Ukimwambia mama yako hapana, nirudishie nyumbani ikae na mwenzake. Ukimwambia ndiyo, mpe huyo binti, umwambie imetoka kwangu na sina ugomvi naye, na mimi nitajua la kufanya na maisha yangu. Lolote kati ya hayo mawili nitalipokea. Ila usininyamazie, Taufiki. Ukininyamazia nitasoma kilichoandikwa kwenye kanga."

Akatoka, akavaa ndala zake. Shaabani langoni akataka kutania, akamwona uso, akafungua lango.

Njia ya kurudi ilikuwa ndefu kuliko ya kwenda. Mashavu alijuta, akaacha kujuta, akajuta tena. Alimkabidhi mumewe chaguo, na chaguo likishamtoka mtu mkononi si lake tena. Je, akimpa yule binti kanga kweli? Akilini alimwona binti asiyemjua amejitanda nyekundu na nyeusi. Ndagoni alimkuta Chiku na Amina wanakula maembe mabichi kwa chumvi. "Vipi, umemwona?" Chiku akauliza. "Nimemwona," Mashavu akasema, "ni chuma kitupu," na alipomweleza, Chiku alicheka mpaka Amina akaja kuuliza kuna nini. Mashavu hakuweza kucheka tena. Akaenda kwenye cherehani, akaweka sindano ya tatu, akamaliza ile sare.

Simu yake huwa inakaa kwenye kikapu kilichotundikwa kwenye mpapai, mahali pekee inapoweza kupatikana. Alikuwa ameshaswali alasiri ilipolia. Alikwenda mbio, akatazama. Hakuwa Taufiki. Alikuwa Bi Mize.

Basi ndiyo, Mashavu akajisemea. Anapiga kunipa habari za harusi. Akavuta pumzi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Wewe mtoto, hebu niambie, mumeo anaumwa?"

"Haumwi, mama. Kwani vipi?"

"Kanipigia simu kutoka kazini. Shikamoo yenyewe ya haraka haraka, hata hali hakunijulia. Halafu ananiambia, mama, lile neno lako la mke wa pili halipokelewi. Halipokelewi! Nikamuuliza, we Taufiki, unasema na mama yako au unasema na posta? Akarudia vile vile: halipokelewi, mama, ninalirudisha kwako mwenyewe, ili usikae unasubiri. Hiyo ni lugha gani ya kumwambia mzazi aliyekuzaa?"

Mashavu akashika shina la mpapai. "Labda... labda ni lugha ya kazini kwao, mama."

"Kazini kwao wana lugha mbaya." Sauti ya Bi Mize ikapungua makali. "Nimelia, sikufichi. Nilishawagusia watu wa yule binti, sasa nitaonekana mwongo. Lakini nilimsikia sauti inavyomtetemeka. Sauti ile nimewahi kuisikia mara moja tu. Ni siku alipokuja kuniambia anataka kukuoa wewe. Na siku ile nilimkatalia, hilo hukuwahi kuambiwa. Nilimkatalia, na alisimama hapo mlangoni anatetemeka hivyo hivyo, na hakuondoka mpaka nikakubali."

Kutoka upande wa barabara ilisikika pikipiki inakuja, akaitambua kwa mlio wa ekzosi yake mbovu. Amina akapita mbio akipiga kelele kwamba baba amerudi mapema na amejifunga kanga shingoni.

"Mashavu? Upo?" Bi Mize akauliza. "Mbona umenyamaza?"

Mashavu akajifuta macho kwa ncha ya kanga yake.

"Nipo, mama," akasema. "Nimepokea."